Kupanga katikati ya Dar: ufunguo ulikuwa kwa nani?



Leo tuzungumze habari ya kupanga. Si kupanga mipango, ni kupanga nyumba. Tena si nyumba ya Goba wala Chanika, bali chumba cha katikati ya jiji: Kariakoo, Gerezani, Kisutu, Upanga. Kila nikikaa na vijana wenzangu wanaofanya kazi mjini nasikia kauli ileile, kwamba zamani watu wa kawaida walikaa mjini kwa kodi ndogo na siku hizi haiwezekani. Wazee nao wanaikazia kauli hiyo.

Nikajiuliza: hiyo "zamani" ilikuwa lini hasa? Na kodi hiyo ndogo ilitokana na nini? Maana kitu kikiwa nafuu huwa kuna anayebeba gharama yake, hata kama wewe mpangaji humuoni. Nimesoma, nimezunguka, nimewauliza wazee. Haya niliyoyapata nawaletea, tuyatafakari pamoja.

Swali lenyewe si la nadharia kwangu. Kazi yetu ya habari haijui saa. Ukurasa wa mwisho ukifungwa saa tano usiku, aliyepanga mbali anaanza kuhesabu: bodaboda kiasi gani, daladala zipo au zimekwisha, na kesho asubuhi mkutano na waandishi ni saa tatu Posta. Ndiyo maana nikaanza kutafuta chumba na sebule mjini. Dalali akanipeleka Upanga, ghorofa ya tatu, ngazi hazina taa. Akanitajia laki saba kwa mwezi, malipo ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa kwake yeye dalali. Piga hesabu: milioni nne na laki mbili za mwenye nyumba, laki saba za dalali. Milioni nne na laki tisa kabla hujanunua hata pazia.

"Kaka, hapa unalipia mji, hulipii chumba," akaniambia.

Kauli hiyo imenikaa kichwani. Nataka kuonyesha kwamba katika Dar es Salaam mtu amekuwa akilipia mji tangu zamani sana. Kilichobadilika ni aina ya malipo.

Tuanze mwanzo. Mji huu ulianza kujengwa miaka ya 1860 na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Alikufa mwaka 1870 kabla ndoto yake haijakamilika, mji ukadorora. Wajerumani wakauhamishia makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji katika kanda tatu. Kanda ya kwanza ilikuwa ya majengo ya Kizungu. Ya pili ilikuwa ya majengo ya mawe au matofali, ndiyo iliyokuja kuwa Uhindini, kwenye maduka. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za wenyeji, za miti na udongo.

Angalieni ujanja uliokuwemo. Kanuni zilitaja aina ya jengo, hazikutaja rangi ya mtu. Kwa maandishi, Mwafrika yeyote angeweza kukaa kanda ya kwanza mradi ajenge nyumba ya Kizungu. Sasa nani kati ya babu zetu aliyekuwa na fedha hizo? Sheria haikuwa na haja ya kusema "usije". Ilipanga gharama ya kuingia, basi. Mnaona inavyofanana na milioni nne na laki tisa za Upanga?

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na eneo la kanda ya tatu likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Midomo ya watu ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Baada ya vita Waingereza wakaendeleza mgawanyo uleule wa kanda, na kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu kama kizuizi. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Leo tunapumzika chini ya miti yake bila kukumbuka kwamba uliwekwa ili watu wa Kariakoo wasikaribiane sana na watu wa Uhindini.

Hapo Kariakoo ndipo lilipotokea jambo ambalo naona halijapewa heshima yake. Wasomaji wengi mnaijua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Mlango wa mbele una baraza. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Ukitokea nyuma unafika uani: jiko, bafu, choo, kamba za kuanikia nguo. Kiwanja kilikodishwa na serikali na mwenye nyumba alikilipia kodi kila mwaka. Aliyejenga alikuwa mtu wa kawaida: fundi, karani, baharia, mama muuza vitumbua aliyeweka akiba. Alijenga kidogo kidogo. Akikamilisha, yeye na familia yake walichukua chumba kimoja au viwili na vingine wakapangisha, kila chumba na mpangaji wake.

Nyumba hii ndiyo iliyowapokea wageni wa Dar es Salaam. Waliotoka Rufiji, Uzaramo, Unyamwezi na Songea walifikia hapo. Afisa wa kikoloni J. A. K. Leslie, aliyefanya utafiti wa mji huu katikati ya miaka ya 1950, utafiti uliochapishwa mwaka 1963, alieleza kwa kirefu maisha ya nyumba hizi na wapangaji wake. Hata siasa za uhuru zilipangisha Kariakoo. Mwalimu Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, aliingia mjini bila mshahara, na kama Mohamed Said alivyoandika, alipokelewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes hapohapo Kariakoo kabla ya kuhamia Magomeni. Kwa lugha ya leo, Baba wa Taifa alikuwa kijana asiye na kazi ya mshahara anayehitaji pa kukaa mjini.

Sasa, kwa nini chumba cha Kariakoo kilikuwa nafuu? Nilimuuliza bi mkubwa mmoja aliyezaliwa katika nyumba ya namna hiyo miaka ya 1940.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza mama yake alikuwa anapangaje kodi. Akacheka. "Alikuwa anatazama mtu. Mpangaji akiugua, kodi inangoja. Mwenyewe utamdai vipi na uji umempikia wewe?"

Msidhani nawauzia hadithi ya peponi. Bibi huyohuyo alinieleza ugomvi wa zamu ya kufagia uani, foleni ya choo asubuhi, na mwenye nyumba anayehesabu wageni wako. Siri haikuwepo. Mgonjwa wa kifua mmoja, nyumba nzima inakohoa. Hata hivyo jibu lake ndilo jibu la swali langu la kwanza. Unafuu wa Kariakoo ulitokana na mambo mawili. Kwanza, jengo lilikuwa rahisi kujenga, na choo kimoja kilitumiwa na watu wa vyumba sita. Pili, mwenye nyumba alikaa ndani ya nyumba. Gharama waligawana wote, kwa fedha, kwa kubanana na kwa kuvumiliana.

Upande wa Uhindini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko ufunguo ulikuwa jumuiya. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Waismailia. Mwaka 1946 Aga Khan wa tatu alipimwa kwa almasi hapa Dar es Salaam kuadhimisha miaka 60 ya uongozi wake, na fedha za jubilei hiyo zikaanzisha mfuko wa mikopo uliowasaidia waumini kujenga na kununua nyumba Afrika Mashariki. Sehemu ya Upanga tunayoijua, yenye ghorofa fupi na roshani zake, ilikua katika miaka hiyo. Ukiwa mwanajumuiya, kulikuwa na mlango. Usipokuwa, ungepita nje na kuzisifia roshani.

Kanda zile hazikuwa ukuta wa chuma pia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, mji ulijaa. Wahindi wa kipato kidogo walibanwa Uhindini wakaanza kupanga na kununua Kariakoo, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Mwanahistoria James Brennan ameandika jinsi Waafrika walivyolalamika kwamba wanasukumwa nje ya mtaa wao na watu wenye fedha zaidi. Hilo lilikuwa miaka ya 1940! Anayedhani kusukumwa nje ya Kariakoo kulianza na ghorofa za siku hizi, akumbuke hapo. Waingereza walileta udhibiti wa kodi za nyumba kipindi cha vita, na baada ya vita serikali ikaanza kufungua maeneo mapya kama Magomeni na Temeke. Tangu enzi hizo dawa waliyopewa watu wa katikati imekuwa ileile: nendeni mbele kidogo.

Uhuru ukaja Desemba 1961. Mwaka uliofuata, 1962, serikali ikaunda Shirika la Nyumba la Taifa. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kuvunja nyumba za udongo na makuti mjini na kuweka za matofali mahali pake. Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Sensa ya 1967 iliukuta una watu wapatao 273,000. Sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa. Wekeni tarakimu hizo mbili kichwani tunapoendelea.

Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Kwetu sisi wapangaji, kifungu kinachohusika ni cha miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Kupangisha kuliwekwa kwenye kapu moja na unyonyaji. Bibi Titi Mohamed, mama aliyewaingiza maelfu ya wanawake TANU, hakukubaliana na sharti hilo na mwaka huohuo akaachia nafasi yake ya uongozi. Nimesikia watu wakimcheka kwa hilo, eti alipenda nyumba kuliko nchi. Mimi nawaomba wamfikirie kama mtoto wa mji huu. Kwa mwanamke wa pwani asiye na shahada, nyumba ya kupangisha ilikuwa ndiyo pensheni yake. Alitoka katika mji uleule wa wenye nyumba wadogo niliowaeleza. Leo barabara yenye jina lake inapita kando ya Mnazi Mmoja, mpakani kabisa mwa Kariakoo na Uhindini.

Pigo kubwa lilikuja Aprili 1971. Bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha majengo. Majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea, ambayo mwenyewe hakuyatumia yote kwa makazi yake, yalichukuliwa na serikali. Yalikuwa karibu 3,000 nchini, na karibu yote yalikuwa ya Watanzania na wakazi wenye asili ya Asia. Jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikuwa na fidia. Ikaundwa ofisi ya Msajili wa Majumba kuyasimamia. Kuna watu waliolala wakiwa wenye nyumba na kuamka wapangaji katika sebule zao wenyewe. Wengi waliondoka nchini katika miaka iliyofuata, wakaenda Kanada, Uingereza na kwingineko.

Hapa ndugu zangu lazima tuwe wakweli kwa pande zote mbili. Dhuluma kwa familia zilizopoteza jasho lao ilikuwepo. Pia ni kweli kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya mji huu karani wa wizara, nesi wa Muhimbili na mwalimu waliweza kupata nyumba Upanga au Mtaa wa Zanaki. Mipaka iliyowekwa mwaka 1891 ilipasuliwa kwa sheria ya kurasa chache. Hiyo "zamani" ambayo wazee wetu wengi wanaikumbuka kwa raha ndiyo hii: ghorofa ya Msajili, kodi ya Msajili.

Nani alibeba gharama? Mwanzoni walibeba wale walionyang'anywa. Baadaye likabeba jengo lenyewe. Kodi iliwekwa chini ikabaki chini. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980, bei za kila kitu zikapaa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, mafuta yalikuwa ghali, saruji ilipatikana kwa kibali. Kodi ileile haikutosha hata kununua koki za maji. Lifti zikafa. Maji hayakupanda ghorofani, watu wakapandisha ndoo kwa ngazi. Mabomba yakavuja ndani ya kuta mpaka rangi ikavimba. Jengo halipigi kelele kama mpangaji. Linaoza kimyakimya, na siku linapozungumza huwa tumechelewa.

Kodi ya chini ilizaa kitu kingine: kilemba. Wasomaji wa Kariakoo mnakijua. Kilemba ni fedha unayompa mtu aliyemo ili akuachie chumba au fremu, nje ya kodi ya kila mwezi. Kwa desturi zetu kilemba ni heshima, anapewa mwalimu au mkwe. Mjini kikawa bei ya kweli ya chumba, iliyojificha nyuma ya bei ya serikali. Kule Mumbai, ambako nako kodi zilidhibitiwa kwa miaka mingi, fedha ya namna hiyo huitwa pagdi, na pagdi maana yake ni hichohicho kilemba cha kichwani. Mji wowote unaoweka kodi chini bila kuongeza vyumba, watu wake hupata njia ya kulipana pembeni. Aliyefaidi alikuwa yule aliyewahi kuingia, na ndugu zake, na aliyejua pa kugonga. Kijana aliyeshuka kwenye basi miaka ya 1980 bila kumjua mtu hakuipata ghorofa ya Msajili. Alikwenda Manzese au Buguruni, akapanga chumba katika nyumba ya vyumba sita.

Mnaona? Nyumba ileile ya Kiswahili ikaendelea kubeba mzigo, huku siasa zote zikizungumzia ghorofa.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Mwaka 1984 sheria ya kudhibiti kodi iliandikwa upya, na mabaraza ya nyumba yakawa mahali pa mpangaji kulalamikia. Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi na milango ya biashara ikafunguliwa. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Miaka ya 1990 shirika likaanza kuingia ubia na wawekezaji: viwanja vya shirika, fedha za mwekezaji, jengo jipya refu. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ikafutwa. Kuanzia hapo bei ya chumba cha mjini ni ile utakayokubaliana na mwenye nyumba, na mwenye nyumba anajua nyuma yako kuna wengine kumi.

Kariakoo nayo ikageuka. Biashara ilipofunguliwa, chumba cha mbele cha nyumba ya vyumba sita kilitobolewa mlango wa barabarani kikawa fremu. Fremu moja ikaingiza zaidi ya vyumba vitano vya nyuma. Mwenye nyumba alipofariki, warithi wakawa saba na nyumba moja haigawanyiki. Akatokea mwekezaji: niachieni kiwanja, nitawapa fedha, au sakafu moja ya ghorofa nitakayojenga. Nani angekataa? Watoto wa nyumba hiyo wakajenga Tabata, Mbagala, Kinyerezi. Wapangaji wa uani hawakuwa na urithi wa kugawana. Wao walipewa notisi.

Tembeeni Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe leo. Ghorofa zimesimama bega kwa bega. Chini maduka, juu maduka, juu zaidi stoo za mizigo. Mji mzima unanunua hapo, na usiku wanabaki walinzi. Tumejenga sakafu nyingi kuliko wakati wowote wa historia ya Kariakoo, na idadi ya milango ya kulala inapungua.

Haraka hiyo imetugharimu roho za watu pia. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 ghorofa la maduka Kariakoo likaanguka na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Ardhi inapokuwa na thamani kubwa kuliko wanaoikalia, mambo kama haya hayaji kwa bahati mbaya tu.

Kuna aliyeniambia: "Dogo, mbona unalilia mjini? Kuna mwendokasi siku hizi." Ni kweli, mabasi yaendayo haraka yalianza kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, na yamesaidia. Ila nauli na muda navyo ni kodi. Mama ntilie anayeamka saa tisa usiku ili chai iwe tayari Kariakoo saa kumi na mbili analipa kodi hiyo kwa usingizi wake. Kuli anayebeba marobota mpaka jioni analipa kwa miguu yake. Nesi wa zamu analipa kwa hofu ya njiani. Ukijumlisha kodi ya chumba cha mbali na gharama hizo, unafuu unapungua sana.

Basi historia hii inatufundisha nini? Mimi naona hivi. Chumba nafuu cha katikati ya Dar hakijawahi kutokea chenyewe. Wajerumani na Waingereza waliweka ufunguo kwenye aina ya jengo. Jumuiya ziliuweka kwa watu wao. Dola ya 1971 iliuweka ofisini, ikasahau fungu la matengenezo. Baada ya 2005 ufunguo uko kwenye pochi. Aliyewahi kutupa unafuu kwa muda mrefu bila kunyang'anya mtu na bila kuoza ni mwenye nyumba mdogo aliyeishi na wapangaji wake, na huyo ndiye tunayemwondoa bila hata kumuaga.

Sisemi turudi kwenye makuti. Kiwanja cha Kariakoo hakiwezi tena kubeba nyumba ya chini yenye vyumba sita. Mfano wa kujenga juu kwa ajili ya watu tunao: wakazi wa zamani wa Magomeni Kota waliohamishwa nyumba zao zikabomolewa walijengewa ghorofa za kaya 644, zikazinduliwa mwaka 2022. Ilichukua miaka mingi na ahadi nyingi, lakini ilithibitisha kwamba mpangaji wa zamani anaweza kurudi palepale alipotoka. Kwa nini isiwe kanuni? Kila nyumba ya kuishi inayovunjwa katikati ya jiji, jengo jipya lirudishe angalau idadi ileile ya vyumba vya kuishi, juu ya hayo maduka. Wapangaji waliokuwemo wawe wa kwanza kuulizwa. Na malipo ya kodi yawe kwa mwezi, kama mishahara yetu inavyokuja kwa mwezi. Hakuna mwajiri anayenilipa miezi sita mbele.

Najua wenye nyumba watasema mpangaji wa mwezi kwa mwezi anatoroka na deni. Hoja yao ina ukweli. Tuwe na mikataba inayoandikwa, na baraza la karibu linaloamua kwa siku chache badala ya miaka, limlinde mwenye nyumba kama linavyomlinda mpangaji. Mama yake yule bibi hakuhitaji baraza kwa sababu aliishi ukumbi mmoja na wadeni wake. Sisi hatuonani tena na wenye nyumba wetu, kwa hiyo sheria inabidi isimame mahali pa ukumbi ule.

Mji usiolala na watu wake unageuka soko: unafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Mnasemaje wadau, hasa ninyi mliokulia uani Kariakoo na Gerezani? Nyumba yenu iko wapi sasa, na wapangaji wake walikwenda wapi?

Naomba kuwasilisha.